Wageni Kisiwani, na Mvuvi Je?

Ndugu wafanyakazi, huenda baadhi yenu mtauliza: habari za bahari zatuhusu nini sisi wa Malukhu, tunaoamka tukitazama Mlima Elgon? Zatuhusu, kwa sababu swali ni lile lile la kiwandani na la mashamba ya miwa. Mali ikihifadhiwa, nani analipwa na nani anafukuzwa?

Kwanza tuelewe kinachohifadhiwa. Matumbawe si mawe. Ni viumbe hai vidogo vinavyojenga miamba polepole sana, na katika miamba hiyo samaki huzaa na kukua. Baruti ya mvuvi haramu huivunja kwa dakika moja. Lakini mtalii naye huiharibu: nanga ya chombo chake huikwangua, miguu yake huikanyaga, na maji machafu ya hoteli huotesha mwani unaoifunika. Kwa hiyo anayedhani kwamba kumwondoa mvuvi na kumleta mtalii ni kuiokoa bahari, amekosea sana.

Tutazame Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza miamba yake ya magharibi kuwa hifadhi. Uvuvi ulipigwa marufuku, na uangalizi ukakabidhiwa kampuni binafsi. Zilijengwa nyumba saba tu za wageni. Maji ni ya mvua, yanakingwa mapaani. Umeme watoka kwenye jua. Vyoo havitumii maji, na kinyesi hugeuzwa mbolea. Fedha za wageni ndizo zinazoendesha hifadhi, na watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa huko kujifunza.

Lililo kubwa kwetu sisi ni walinzi. Walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafundishwa, wakapewa mshahara. Hawana bunduki. Mvuvi akiingia hifadhini humwendea na kumweleza, mvuvi kwa mvuvi, kwamba samaki wakiachwa wakue humo watazaa kwa wingi, na wengine watavuka mpaka hadi kwenye nyavu zake. Linganisheni na Ziwa Viktoria, ambako mwaka 2017 jeshi lilipelekwa kuzuia uvuvi haramu, na malalamiko ya watu kupigwa na kuchomewa mitumbwi yakafika hadi Bungeni Kampala.

Hata hivyo tusiisifu Chumbe kupita kiasi. Kisiwa hicho hakikuwa na kijiji. Mafia, upande wa Tanzania bara, mambo ni magumu zaidi. Hifadhi ya bahari ya huko, ya kwanza nchini Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ndani yake mna vijiji vyenye watu. Sehemu nyingine zimefungwa kabisa, nyingine wenyeji huvua kwa masharti, na mgeni hulipa ada ya kuingia. Mtu aliyezaliwa hapo anaambiwa asivue alipovua babu yake. Bila kazi nyingine, maneno matupu hayamshibishi.

Tena mgeni si wa kutegemewa. Mwaka 2020, kwa ajili ya Korona, ndege zilisimama na mapato ya visiwa yakakauka. Bahari nayo ina ugonjwa wake: mwaka 1998 na 2016 joto la maji lilipausha matumbawe ya pwani yetu, na sehemu ya joto hilo yatokana na moshi, ukiwamo wa ndege hizo hizo zinazoleta watalii.

Visiwa vya Shelisheli vilipata njia nyingine. Sehemu ya deni lao la nje ilinunuliwa kwa sharti la kulinda bahari, na mwaka 2020 hifadhi ilifika asilimia 30 ya bahari yao. Angalau huko fungu la hifadhi halikutoka katika mifuko ya watalii peke yake.

Basi ndugu zetu wa Jinja, siku mwenye mali akija kwenye visiwa vya ziwa na michoro ya hoteli, mwulizeni walinzi watatoka wapi, mikataba yao ni ya miaka mingapi, na mshahara utalipwa na nani katika miezi ambayo wageni hawaji.