Mkuki Ukishatupwa Haurudi: Kumvua Paiki Chini ya Barafu

Mvuvi wa pwani yetu anaijua chusa, na aliyekulia Mwanza au Kisumu anamjua sangara na upana wa kinywa chake. Lakini uko uvuvi unaoyakutanisha mambo hayo mawili, silaha yenye ncha na samaki mla samaki wenziwe, mahali ambapo wengi wetu tusingepadhania: juu ya ziwa lililoganda, ndani ya kibanda chenye giza, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

Hatulileti jambo hili kwa kupenda mambo ya ugenini. Minnesota ndilo jimbo lenye jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani, na wengi kati yao walipitia Kenya, wakakaa Dadaab, Kakuma au Nairobi, wakajifunza Kiswahili. Wanao waliozaliwa huko wanasoma darasa moja na watoto ambao babu zao wamevua kwa mkuki vizazi na vizazi, na mwaliko ukija, mzazi aliyekulia katika jua la Garissa anaombwa ruhusa ya jambo asilolijua hata kidogo. Akikubali kwa haya au akikataa kwa hofu, yote mawili ni kuamua gizani. Makala haya tunamwandikia mzazi huyo, ili ajue la kuuliza kabla ya kutamka ndiyo au hapana.

Samaki mwenyewe

Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na katika mengi yake mfalme wa magugu ya majini ni samaki aitwaye paiki. Umbo lake ni refu kama gogo jembamba, na kinywa chake ni bapa mfano wa mdomo wa bata. Rangi yake ni kijani iliyokolea yenye madoa meupe. Taya la chini lina meno makubwa makali, na kaakaa lake lina safu za meno madogo yaliyoelekea ndani, hata mawindo yakishaingia hayapati njia ya kutoka. Pezi lake la mgongoni limesogea nyuma kabisa karibu na mkia, na hilo ndilo linalompa nguvu ya kuchomoka ghafla kama mshale. Hakimbizi mawindo kwa masafa marefu. Hutulia penye magugu, akangoja, kisha akashambulia kwa pigo moja.

Majike huwa wakubwa kuliko madume. Rekodi ya jimbo hilo ni ya paiki aliyevuliwa mwaka 1929 katika ziwa Basswood, mwenye uzito wa karibu kilo 21. Samaki huyu hamwindi binadamu. Anayeumizwa naye aghalabu ni yule aliyemtia kidole kinywani au kwenye matamvua akidhani amekwisha kufa. Kwa hiyo glavu nene na koleo la mkono mrefu ni vifaa vya lazima.

Kibanda cha giza

Maji yanapoganda, wavuvi hukata barafu kwa msumeno au kwa keekee ya mota, wakafanya tundu la mstatili lenye upana wa kiasi cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 90. Juu yake husimamisha kibanda kidogo kisicho na dirisha, na kila upenyo wa nuru huzibwa. Mgeni hustaajabu: vipi mtu atafute samaki gizani? Siri ni kwamba nuru ya mchana hupenya theluji na barafu iliyo nje ya kibanda, ikayaangaza maji kutoka pembeni. Ndani kukiwa giza, uso wa maji haurudishi mng'ao wowote machoni, na tundu lile hugeuka kuwa kama dirisha la kioo. Kina cha mita mbili au tatu huonekana chote hadi chini, pamoja na majani na kome waliolala mchangani.

Mvuvi huteremsha samaki bandia, aghalabu aliyechongwa kwa mti na kutiwa risasi tumboni ili azame, mwenye mapezi ya bati. Akimvuta uzi kidogo kidogo, kinyago kile huogelea kwa duara. Uchongaji huo ni sanaa ya tangu kale ya Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo kabla ya Wazungu. Haki yao ya kuvua na kuwinda katika ardhi waliyoitoa kwa mkataba wa mwaka 1837 ilipingwa muda mrefu, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoithibitisha mwaka 1999 katika kesi ya watu wa Mille Lacs. Kijana wetu aingiapo katika kibanda hicho, yafaa ajue kwamba ameingia katika urithi wa watu.

Kisha ni kungoja. Pengine saa tatu hupita pasionekane kitu ila samaki wadogo. Mara wadogo wale hutoweka wote kwa pamoja, na chini ya tundu huwa pametokea kivuli kirefu kisichotikisika, kama kwamba kilikuwapo siku zote. Ndiye paiki. Yuko mita mbili chini ya miguu ya mtu, anamtazama samaki wa mti, na kifua cha anayemwona kwa mara ya kwanza hudunda kwa nguvu.

Kuchagua mkuki

Mkuki wa kazi hii si wa kurushwa mbali. Ni wa chuma, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu, na kichwani una meno kadhaa yaliyopangwa safu moja, aghalabu matano, saba au tisa. Anunuaye aangalie mambo manne.

Kwanza, uzito. Mkuki uwe mzito wa kutosha kuzama wenyewe wima kwa kasi, kwa kuwa maji hula nguvu ya mkono upesi. Lakini usimshinde atakayeutumia. Kijana wa miaka 14 asipewe mkuki uliopimwa kwa mkono wa baba yake.

Pili, meno. Kila jino liwe na kijino kinachoelekea nyuma cha kumzuia samaki asichomoke, na ncha zote ziwe kali sawasawa. Mkuki butu ni dhuluma, maana humjeruhi samaki akaenda kufia mbali bila ya kumnufaisha mtu.

Tatu, unyoofu. Uutumbukize majini na kuuachia: ukizama kwa kuyumba au kukata upande, urudishe dukani.

Nne, kamba. Ifungwe imara kwenye mpini, na ncha yake ya pili ifungwe kwenye kibanda. Isifungwe kamwe kwenye kifundo cha mkono. Mkuki ukiwa umekaa, uegemezwe mahali maalumu ncha zikiwa majini, na usilazwe sakafuni katika giza lenye miguu ya watu.

Utumiaji wake nao una adabu yake. Ncha huzamishwa polepole bila ya kupiga maji, mvuvi akangoja samaki awe wima chini ya tundu, kisha akausukuma mkuki kuelekea nyuma kidogo ya kichwa. Kulenga kwa pembeni ni kukosa, kwa sababu nuru hupinda inapotoka majini, na samaki hayupo pale jicho linapomweka.

Mkono unaojizuia

Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Mvuvi wa ndoana akimpata samaki asiyeruhusiwa, humfungua na kumrudisha majini, naye akaishi. Mwenye mkuki hana fursa hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo elimu yote ya mvuvi huyu lazima itangulie pigo, na haiwezi kulifuata.

Analopaswa kulijua kwanza ni aina ya samaki. Katika baadhi ya maziwa anaishi pia jamaa wa paiki aitwaye maskelanji, ambaye ni haramu kwa sheria ya Minnesota kuchomwa mkuki. Kwa mbali wanafanana kama ndugu. Tofauti ni kwamba paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa rangi nzito, ilhali maskelanji ana alama nyeusi juu ya mwili wa rangi nyepesi. Aidha, ncha za mkia wa paiki ni za mviringo, na za maskelanji zimechongoka. Kutokea juu, katika nuru hafifu, alama hizo haziji upesi. Asiye na yakini huiacha mkuki ulipo.

La pili ni urefu. Tangu mwaka 2018 Minnesota imegawanywa kanda tatu za kumhifadhi paiki, na kila kanda ina idadi na vipimo vyake. Kanda ya kusini, kwa mfano, hairuhusu kuchukua paiki aliye chini ya inchi 24, yaani kiasi cha sentimita 61. Kwa hiyo mvuvi hulazimika kumpima samaki kwa jicho angali hai, na jicho hudanganywa na maji: kitu kilicho kina cha mita nne huonekana kama kiko mita tatu, na kwa kuonekana karibu huonekana kikubwa. Dawa yake ni kuwa na kipimo ndani ya maji yale yale. Samaki bandia mwenye urefu unaojulikana ni rula nzuri. Na bomba jeupe la inchi 24 lililolazwa chini, likafungwa uzi wa kulitoa baadaye, ni rula bora zaidi.

Mtu mzima huhitaji leseni ya kuvua pamoja na leseni ya ziada ya mkuki, na msimu huanza katikati ya Novemba hadi Jumapili ya mwisho ya Februari. Kanuni hubadilika, basi kijitabu cha mwaka husika kisomwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Barafu, hewa na tundu

Baada ya hayo, tuseme wazi: meno ya paiki si ya kumwogopesha mzazi. Ya kuogopesha ni matatu.

La kwanza ni barafu. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri barafu mpya iliyo safi iwe na unene wa angalau inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu atembeaye kwa miguu, na zaidi ya hapo kwa chombo chochote. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina takriban nusu ya nguvu hiyo. Unene wa pahali pamoja si dalili ya pengine, hasa penye chemchemi, mkondo au mlango wa mto. Kwa hiyo hupimwa hatua kwa hatua, kwa mtaimbo wenye makali. Kila mtu avae shingoni jozi ya vishikio vyenye misumari. Akizama, atulize pumzi, ageukie upande alikotoka, achome barafu kwa misumari ile, apige miguu hadi atoke, kisha abingirike bila ya kusimama.

La pili ni hewa. Kibanda kilichozibwa nuru kimezibwa pia pumzi. Jiko la gesi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakidhani wanasinzia. Kibanda kiwe na matundu ya hewa juu na chini, na king'ora cha kugundua hewa hiyo chenye betri nzima.

La tatu ni tundu lenyewe. Mtoto hupita humo bila ya kugusa ukingo. Akae nyuma, avae koti la kuelea, na pawepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni mtoto peke yake na hashiki mkuki. Na kibanda kikiondolewa, tundu lizungushiwe alama, kwa kuwa usiku hufunikwa na utando mwembamba wa barafu na kugeuka mtego kwa apitaye.

Kikishafika jikoni

Hukumu ya samaki inajulikana: uwindaji wa majini ni halali na samaki hahitaji kuchinjwa, basi aliyekufa kwa mkuki hana shaka ndani yake. La kuchungwa ni israfu, yaani kuua kwa kujifurahisha tu na kutupa. Nyama ya paiki ni nyeupe na tamu, ila ina safu ya miiba yenye umbo la Y ambayo sharti itolewe kwa kisu chembamba kabla ya kumpa mtoto. Tena, kwa kuwa ni mla samaki wenziwe, paiki hukusanya zebaki mwilini, na wakubwa huwa nayo zaidi. Idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula, wenye ukali zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo. Mama wa nyumba ausome.

Basi mzazi akiombwa ruhusa, asiulize kama samaki anauma. Aulize barafu imepimwa na nani, jiko linatoa hewa wapi, nani atamshika mtoto, na je, mwenyeji wao amepata kumwacha samaki aende zake kwa kuwa hakuwa na yakini? Mwenyeji anayeweza kujibu suali hilo la mwisho kwa kusimulia, bila ya kuona haya, huyo ndiye wa kumkabidhi mwanao. Kijana atakayekaa saa nne gizani mkuki mkononi, akamwona paiki, akamtilia shaka, akamwacha apite, atarudi bila ya kitoweo. Lakini atakuwa amejifunza kuuzuia mkono wake, na hilo litamfaa mahali pengi kuliko ziwani.