Siku moja juu Kwale kwa Sh1,000: Mchunga, ng'onda na sahani ya 'wari' iliyomchanganya Mnairobi

Mgeni wetu alishuka SGR kutoka Nairobi akiwa na swali moja: "Sasa ile treni ya kupanda milimani tunakatia tiketi wapi?"

Tulicheka mpaka akanuna. Reli inapita Kaunti ya Kwale kweli, lakini ni kule Samburu, Taru na Mackinnon Road, kwenye nyika kavu ya Kinango. Milima ya Shimba haijawahi kuona behewa. Huku kwetu ukitaka dirisha lenye mandhari, unawahi siti ya mbele kwenye matatu, basi.

Aliyetuita kwenye safari hii ni rafiki yetu wa Msambweni. Alikuwa na kazi kwenye mgodi wa titani hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, na tangu hapo anaendesha bodaboda. Nyumbani ana fomu za ajenti wa kazi za Uarabuni, hajazijaza. Kabla hajazijaza alitaka kujaribu jambo moja: kuwapandisha vijana Kwale kwa siku moja, wale chakula cha Wadigo, warudi jioni. "Watu wakija Diani wanaonyeshwa mchanga na bahari. Huku juu nani anawaleta?" alituuliza. Sisi wanne ndio tulikuwa wateja wake wa kwanza. Kila mmoja alichanga Sh1,000, nauli na chakula humo humo.

Tulianzia Ukunda saa mbili asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi, chai ya rangi yenye tangawizi. Sitasema mengi hapo. Kama wewe ni wa Pwani unajua, na kama si wa Pwani, kula kwanza kisha tuongee.

Kutoka Ukunda unapanda matatu ya kuelekea Likoni, unapita Tiwi, unashuka Kombani. Hapo unabadilisha gari. (Anayetoka Mombasa anavuka feri, au anazunguka na barabara mpya ya Dongo Kundu kutoka Miritini, na anashukia Kombani vilevile.) Matatu ya Kwale ikikunja tu pale njia panda, unaipa bahari kisogo. Minazi, mikorosho, miembe, mashamba ya mihogo. Ukipita Matuga barabara inaanza kupanda, dereva anashusha gia, na upepo wa dirishani unabadilika. Ushauri wa bure: ukishapita hapo, geuza shingo. Bahari iko nyuma yako, na inaonekana kama kitambaa cha buluu kilichoanikwa juu ya minazi. Mgeni wetu alikuwa anachati. Tulimpokonya simu.

Mjini Kwale kuna baridi. Baridi ya Pwani, usiogope, lakini mmoja wetu aliyevaa vesti ya ufuoni alijuta. Milima yenyewe haifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, na bado ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaisha wote.

Sasa chakula. Mama aliyetupikia ana kibanda karibu na soko, meza mbili na mabenchi. Rafiki yetu alikuwa amempigia simu tangu jana yake, na nilidhani ni madoido tu. Nilipoangalia wateja wengine nikaelewa. Huyu chapati maharagwe, yule pilau, vijana watatu wa sare ya shule wanagombania viazi karai. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mchunga mbele yake.

"Mama, kwani mchunga haupiki kila siku?" nikamuuliza.

"Nikiupika bila oda unanilalia, mwanangu. Wazee wanakula kwao. Nyinyi vijana mkiona kichungu mnakimbia."

Ukweli uliniuma kidogo, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nimekulia Ukunda, na nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa naficha mchunga chini ya sima ili nisichekwe na wenzangu waliokuja na chapati.

Mchunga, au mtsunga kwa Kidigo, ni mboga ya majani inayojiotea yenyewe mashambani. Haitaki haraka. Mama aliuchemsha, akaukamua maji ya uchungu, akauchanganya na mnavu. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, ikachujwa, tui jepesi likatangulia na lile zito likaja mwisho. Ukikamua sana unabaki na majani yasiyo na ladha, ukikamua kidogo hakuna atakayemaliza. Kipimo ni mkono wake, hana kingine. Kando kulikuwa na ng'onda, samaki wa kukaushwa na jua, aliyechomwa kwanza kisha akatiwa kwenye tui.

Hapo ndipo mgeni alipoingia mtegoni. Mama aliuliza nani anataka wari. Yeye akasikia wali, akanyoosha mkono haraka. Likaja bonge la sima. "Mimi nimeitisha rice," akalalamika. Kwa Kidigo wari ndiyo sima yenyewe, na mama alicheka hadi akakaa chini. Tonge la kwanza la mchunga: "Hii ni mboga ama ni dawa?" La pili akanyamaza. La tatu alikuwa anafuta sahani, na ng'onda wa jirani yake amepungua.

Baada ya chakula kila mtu alitaka kuingia msituni. Hifadhi ya Shimba Hills iko hapo hapo, kilomita chache tu mbele ya mji. Ilitangazwa rasmi mwaka 1968, ina ndovu, na ndiko pekee nchini Kenya unakoweza kumwona palahala porini. Ndani kuna maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka mita 21, na unafika kwa miguu ukisindikizwa na askari wa KWS. Lakini hesabu ya Sh1,000 iligoma hapo. Kiingilio ni cha kulipia eCitizen, na kuzunguka ndani kunataka gari. Rafiki yetu alisema wazi: hiyo ni safari nyingine, ya bei nyingine. Nilipenda kwamba hakutudanganya.

Badala yake tulizunguka soko. Machungwa ya huku yana ganda la kijani hata yakiiva, kwa hivyo usimwambie muuzaji anakuuzia mabichi, atakuona mshamba. Tulikunywa madafu, tukala machungwa mpaka midomo ikawasha. Muuzaji mmoja, Mkamba ambaye wazee wake walipewa mashamba kwenye skimu ya Shimba Hills enzi hizo, alitueleza kwamba kwao muthokoi hupikwa kwa tui. Mgeni wetu ana nyanya Machakos. Alimpigia simu papo hapo kumwambia. Nyanya hakufurahi.

Tuliporudi Ukunda saa kumi na moja, rafiki yetu alitoa daftari. Sh4,000 tulizochanga, watu watano pamoja na yeye. Nauli Sh1,800, chai Sh400, chakula cha mchana Sh1,250, madafu Sh200, machungwa Sh100. Alibakiwa na Sh250.

"Bodaboda ningepata zaidi ya hiyo," akasema.

Tukakaa kimya kidogo. Kisha tukaanza kupiga hesabu upya: yeye ni mmoja, iwe ni watu wanne au kumi. Wakiwa kumi, sehemu yake inalipwa na wengi, na kinachobaki kinafika Sh1,750. Mgeni wetu, ambaye picha yake ya sahani ya wari ilikuwa imeshasambaa kwa makundi matatu ya WhatsApp, akasema namba yake ya simu ipewe wote walioulizia.

Jumatatu mama alimpigia mwenyewe. Alitaka idadi ya Jumamosi ifikapo Alhamisi jioni, ndipo amwambie mwanamke anayemchumia mchunga. Kufikia ninapoandika, saba wametuma pesa. Watatu wanasema watatuma kesho, na mmoja ameuliza kama kuna chipsi.