Picha ya habari nayo ni ushahidi

Usiku wa Februari 3, 2023, katika eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa mkoani Kilimanjaro. Taarifa za mwanzo zilitaja vifo 17. Baadaye idadi ikaongezeka. Allah (SW) awape subira wafiwa wote.

Sisi wa Handeni na Korogwe tunaijua barabara hiyo. Habari ya ajali inaposomwa kwenye televisheni, hakuna anayesikiliza kwa masikio pekee. Mama aliyemuaga mwanawe stendi asubuhi huitazama kwanza rangi ya basi. Likionyeshwa basi la ajali ya mwaka juzi, moyo wake huwa umekwishavunjika kabla mtangazaji hajalitaja jina la kijiji. Yafaa basi familia zetu zijue jinsi maneno na picha zinavyokutanishwa.

Katika chumba cha habari cha kisasa, mwandishi huandika habari yake ndani ya programu maalumu ya kompyuta. Miongoni mwa zinazojulikana duniani ni ENPS ya shirika la Associated Press la Marekani, na iNEWS ya kampuni ya Avid. Ndani yake mna orodha ya taarifa nzima, kila habari ikiwa na mstari wake: nani atasoma, kwa muda gani, kwa picha zipi. Ukurasa wa habari yenyewe hugawanywa pande mbili, mmoja wa maelekezo ya picha na wa pili wa maneno ya kusomwa.

Mhariri wa picha naye, katika programu yake, hupanga vipande vya video kimoja baada ya kingine hadi viwe mfululizo mmoja. Mfululizo huo hupewa utambulisho unaoufunga na habari yake katika orodha. Ukipelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo, orodha huonyesha kwamba picha ziko tayari, na urefu wake. Habari ikihamishwa kutoka nafasi ya tano kwenda ya kwanza, picha zake huifuata.

Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kifungo hicho hubeba utambulisho na muda, ukweli hakiubebi. Programu haijui kama mto unaofurika katika picha ni Pangani au ni mwingine. Idadi ya vifo ikirekebishwa katika maneno baada ya picha kukamilika, tarakimu iliyokwisha kuandikwa juu ya picha hubaki ile ya zamani. Sikio huambiwa hili, jicho huambiwa lile.

Mlango mwingine wa makosa ni hesabu ya muda. Programu hukadiria urefu wa habari kwa idadi ya maneno na kasi ya mtangazaji. Tuseme habari ina maneno 150, na mtangazaji husoma maneno 120 kwa dakika: atahitaji sekunde 75. Picha zilizoletwa kutoka Handeni zikitosha sekunde 60, limebaki pengo la sekunde 15. Mhariri mwaminifu atamwomba mwandishi apunguze maneno 30, au atarefusha picha za tukio lenyewe. Mwenye haraka atachukua chochote kilichomo ghalani ajaze. Hakukusudia uongo, lakini ameuingiza. Picha za zamani zikihitajika, neno MAKTABA liandikwe wazi muda wote zinapoonekana.

Waislamu tunacho kipimo cha jambo hili. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kusimulia kila tunachokisikia kwatosha kuhesabiwa uongo. Picha iliyowekwa juu ya maneno yasiyo yake nayo ni kauli, na aliyeiweka ametoa ushahidi.

Jukumu hili haliwahusu waandishi pekee. Vijana wa misikiti yetu hurekodi mahafali ya madrasa, mihadhara na mafuriko, kisha huzituma picha kwenye vituo vya televisheni kwa simu. Tunawanasihi mambo manne. Jina la kila faili litaje tukio, mahali na tarehe. Kila picha ishikwe bila kutikisika kwa sekunde 10 au zaidi, ili mhariri asipungukiwe. Yaambatanishwe maelezo mafupi: nani anaonekana, na anafanya nini. Na nyuso za maiti na majeruhi zisirekodiwe kabisa, kwani heshima yao ni amana.

Nyumbani nako, wazazi tuwazoeze watoto kuuliza maswali matatu mbele ya televisheni na simu: picha hii ni ya wapi, ni ya lini, na je, inathibitisha yanayosemwa? Lisipopatikana jibu, isisambazwe. Katika njia kuu inayopita Segera na Korogwe, ambako karibu kila familia ina msafiri, kuizuia picha moja isiyo na uhakika ni kumstahi mama asiyemjua, aliyeketi akisubiri simu ya mwanawe.

Wabillahi tawfiq.