Ukija Morogoro, Usiishie Mlimani

Ukija kututembelea Morogoro, mwongozaji wa wageni atakupandisha milima ya Uluguru mpaka Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Utaona migomba na mboga za Waluguru kwenye miteremko mikali. Vema; lakini ukishuka usikimbilie basi. Mwombe akuzungushe mjini pia.

Hapa ndipo Salum Abdallah alipoiongoza bendi ya Cuban Marimba. Santuri za Kuba zilisikilizwa, zikatiwa maneno ya Kiswahili, na mdundo wa kisiwa cha mbali ukawa wa kwetu. Alifariki kwa ajali ya motokaa mwaka 1965. Wapinzani wao, Morogoro Jazz, walimpata Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake lilifika hata Osaka, Japani, mwaka 1970. Naye akafa ajalini huko Kenya mwaka 1979.

Wazee waliocheza madansi yale wanapungua. Mwongozaji asiyejua nyumba zao anajua nusu ya kazi yake. Naye mzee akikusimulia, mpe chochote: mbona wa mlimani analipwa? Muulize bendi ipi ilikuwa bora, kisha kaa kitako.