June Jordan hakukubali kugawanywa

Katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, wanafunzi wa June Jordan walikuwa wakichambua kanuni za Kiingereza cha Wamarekani weusi, lugha ya nyumbani waliyozoea kuambiwa ni makosa matupu. Ghafla zikaja habari kwamba polisi wa Brooklyn wamemuua ndugu wa mwenzao. Wakakubaliana kuwaandikia polisi na magazeti. Lakini kwa Kiingereza kipi? Wakitumia kile sanifu, huenda wakasomwa. Wakachagua lugha ya marehemu, wakijua fika kwamba huenda barua zikapuuzwa. Hakuna gazeti lililozichapisha.

Jordan aliusimulia mkasa huo katika insha ya mwaka 1985, na kwangu mimi hapo ndipo anapoonekana mzima: mshairi, mwalimu na mpigania haki kwa pamoja.

Alizaliwa Harlem mwaka 1936, wazazi wakiwa wahamiaji kutoka Jamaica. Baba ndiye aliyemkaririsha mashairi, na baba huyohuyo ndiye aliyemcharaza. Aliolewa mwaka 1955 na mwanafunzi mzungu, wakati majimbo mengi ya Marekani yalipokuwa yakipiga marufuku ndoa za namna hiyo. Wakaachana, akabaki na mtoto wao wa kiume wa kumlea.

Aliwapenda wanawake na wanaume, na hakuficha. Wapo waliomtaka achague upande, wakiwemo wapenzi wa jinsia moja waliokuwa wenzake katika harakati. Mwaka 1991 aliwajibu wote kwa insha: si serikali, si dini, si wanaharakati wenye haki ya kumpangia mtu ampende nani. Kwake uhuru wa mapenzi haukutengana na uhuru wa rangi wala wa taifa. Ndiyo maana mfeministi huyu, tarehe 9 Agosti 1978, alisoma shairi katika Umoja wa Mataifa kuwaenzi wanawake wa Afrika Kusini walioandamana Pretoria mwaka 1956 kupinga pasi za makaburu. Na ndiyo maana aliwatetea Wapalestina na watu wa Lebanon mwaka 1982, msimamo uliomletea chuki nyingi nchini mwake.

Saratani ya matiti ilimuua mwaka 2002, akiwa na miaka 65.

Walimu wa lugha, itafuteni insha ile ya 1985. Mwishoni Jordan ananyamaza, anampisha mwanafunzi aliyefiwa aseme mwenyewe. Wasomeeni wanafunzi wenu sehemu hiyo, kisha wapeni kalamu.