REALE ZA KALE, NA NJIA YA KUJUA THAMANI YAKE

Siku zilizopita alitujia bibi mmoja mzee wa kijiji cha pwani, amechukua kifurushi cha kaniki. Alipokifungua tuliona sarafu kumi za fedha, kubwa, zilizogeuka nyeusi kwa kukaa sana. Alizirithi kwa mama yake, na mama yake alizirithi kwa wazee wake. Mchuuzi mmoja apitaye vijijini alikuwa amemwambia, "Bibi, sarafu hizi zimekwisha kazi yake, hakuna duka lizipokealo. Lakini kwa kuwa nakuhurumia, nitakupa kitu kidogo kwa kila moja." Bibi alikuwa na haja ya pesa kwa ada ya shule ya mjukuu wake, akakaribia kukubali. Lakini usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi akaja kutuuliza, "Wanangu, ninyi mmesoma. Je, mtu huyu asema kweli?"

Tulimjibu kwamba maneno ya mchuuzi yalikuwa nusu kweli, na nusu kweli ndiyo imdanganyayo mtu upesi. Ni kweli kwamba sarafu zile hazipokelewi tena dukani. Lakini sarafu ya zamani ikiisha kuwa pesa, haiishi kuwa fedha. Na kwa kuwa twajua ya kuwa katika masanduku ya wazee mngali mna sarafu nyingi za namna hii, tumeona yafaa kueleza hesabu yake, ili kila mtu aweze kuifanya mwenyewe.

Kwanza na tujue sarafu hizi ni nini. Iliyo nyingi kuliko zote ni ile ambayo wazee waliiita reale ya Sham, au fedha ya Sham. Upande mmoja ina sura ya mwanamke mnene aliyejifunika ushungi, na upande wa pili ina tai mwenye vichwa viwili. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, aliyetawala nchi ya Austria, akafa mwaka 1780. Sarafu zake zilipendwa sana na wafanya biashara wa Bahari ya Sham, wa Yemen, wa Uhabeshi na wa Uarabuni, hata alipokufa hawakutaka nyingine. Kwa hiyo wapiga sarafu waliendelea kuzipiga kwa sura ile ile na kwa mwaka ule ule wa 1780. Zilipigwa Vienna na miji mingine ya Ulaya. Na katika miaka baada ya 1935 zilipigwa hata Roma, London na Bombay. Hata leo zingali zikipigwa Vienna, lakini si kwa kununulia vitu sokoni.

Basi hapa pana jambo la kwanza ambalo wengi hukosea. Mtu aonapo mwaka 1780 hudhani ameokota kitu cha ajabu chenye umri wa zaidi ya miaka 200. Sivyo. Mwaka ule hauelezi sarafu ilipigwa lini. Yaweza kuwa ilipigwa siku babu yetu alipozaliwa, au baada yake. Tarehe iliyoandikwa juu yake haitoshi kutuambia thamani yake. Tutafute mahali pengine.

Mahali penyewe ni mizani. Wazee wetu wa Unguja na Mrima walilijua hilo vema, maana kwao reale ilikuwa pesa na tena ilikuwa jiwe la mizani. Uzito wa reale moja ndio ulioitwa wakia. Wakia 16 zilikuwa ratli moja, na pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, bei yake ikitajwa kwa reale. Hawakuuliza sarafu imetoka kwa mfalme gani, bali waliuliza ina fedha kiasi gani. Na ubavuni mwake iliandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "Kwa haki na huruma", kwa herufi zilizoinuka, hata mtu akiikwangua ili aibe fedha kidogo ajulikane mara moja.

Reale ya Sham ikiwa mpya ina uzito wa gramu 28.07. Si fedha tupu; ukiigawa mafungu 6, mafungu 5 ni fedha safi na fungu 1 ni shaba. Basi fedha safi iliyomo ni gramu 23.39. Sarafu nyingine zilizofika pwani zina hesabu yake. Reale Fransa, yaani faranga 5 za Ufaransa, ina gramu 25, na fungu 9 katika 10 ni fedha, yaani gramu 22.5. Dola ya fedha ya Marekani ina gramu 26.73, nayo pia ni fungu 9 katika 10, yaani gramu 24.06. Reale ya mzinga ni ya Hispania. Ina nguzo mbili ambazo watu wa pwani waliziona kama mizinga, nayo ina fedha safi gramu 24 na zaidi kidogo. Rupia ya Bara Hindi ina gramu 11.66, na fungu 11 katika 12 ni fedha, yaani gramu 10.69.

Tazameni jinsi hesabu hii inavyopatana na desturi za kale. Ukigawa 23.39 kwa 10.69 utapata 2 na sehemu kidogo. Na Unguja reale moja ilihesabiwa kuwa rupia 2 na anna 2 hivi. Wenye kubadili fedha hawakubuni kiasi hicho. Mizani ndiyo iliyowafundisha.

Sasa tuseme njia yenyewe. Kwanza, tenga sarafu kwa aina zake. Pili, zipime katika mizani ya sonara, wala usitumaini uzito wa kitabuni, maana sarafu iliyopita mikono mingi hupungua. Ikiwa imetiwa kipete cha kutungia mkufuni, kipete hicho kisihesabiwe. Tatu, zidisha uzito kwa fungu la fedha, yaani kwa reale ya Sham zidisha kwa 5, ugawe kwa 6. Nne, uliza bei ya gramu moja ya fedha safi siku ile, uzidishe.

Katika kuuliza bei, jihadhari na neno wakia. Bei ya fedha hutangazwa London kwa wakia ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Wakia ya dukani ni gramu 28.35, na ile ya wazee ni gramu 28 tu. Atakayezichanganya atapata hesabu ya uongo. Ukipewa bei ya wakia ya masonara, igawe kwa 31.1 ndipo upate bei ya gramu. Tena bei hii hupanda na kushuka kila siku. Mwaka 1893 Serikali ya Bara Hindi ilipoacha kuwapigia watu rupia kwa fedha yao wenyewe, reale na rupia ziliachana njia, na aliyeweka mali yake yote kwa reale aliona hasara. Kwa hiyo bei ya mwaka jana si bei ya leo.

Limebaki swali la kwamba sarafu ni ya kweli au ya kughushi. Wengi hutumia sumaku. Sarafu ikivutwa, si fedha. Lakini isipovutwa bado haijathibitika, kwa kuwa shaba na risasi pia hazivutwi. Njia iliyo bora ni ya maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uandike uzito wake. Kisha funga sarafu kwa uzi, uitumbukize majini huku umeushika uzi, isiguse chini wala kando. Mizani itaongezeka kidogo. Gawa uzito wa sarafu kwa nyongeza ile. Reale ya Sham iliyo njema itatoa 10.2 hivi. Ikitoa 9 au chini yake, fedha yake ina shaka.

Basi tulikwenda na bibi yetu kwa sonara, tukazipima sarafu zake mbele ya macho yake. Saba zilikuwa reale za Sham, na zote pamoja zilikuwa gramu 195. Mara 5, kwa 6, ni gramu 162.5 za fedha safi. Mbili zilikuwa reale Fransa, gramu 49. Fungu 9 katika 10 ni gramu 44.1. Jumla gramu 206.6. Kama gramu moja ingekuwa shilingi 100, na huu ni mfano wa hesabu tu, mali yake ingekuwa shilingi 20,660. Sonara hupunguza kidogo kwa kazi ya kuyeyusha, na hiyo ni haki yake. Lakini ahadi ya yule mchuuzi haikufika hata robo ya bei ya siku ile.

Ya kumi ilikuwa na sura ya Maria Theresa kama wenzake, wala haikuvutwa na sumaku. Lakini uzito wake ulikuwa gramu 24 na nusu, na katika maji ilitoa 8.9. Haikuwa fedha. Bibi aliishika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe marehemu mama alidanganywa, wala hakujua hata alipokufa."

Yako mambo mengine ya kuangaliwa. Ziko sarafu ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale huzinunua kwa bei ipitayo fedha iliyomo. Hizo ni kama reale za Maria Theresa zenye mwaka wa kabla ya 1780, na hasa reale ya Seyyid Barghash wa Unguja ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ukiwa na namna hiyo usiiyeyushe kabla ya kuuliza watu wawili watatu wajuao. Wala usisugue sarafu kwa mchanga, majivu au ndimu ili ing'ae, maana mkusanyaji huikataa iliyosuguliwa. Kwa upande mwingine, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizopigwa tangu 1921 hata 1946, zina fedha robo tu, kama gramu 2 kila moja. Na zile za tangu 1948 hazina fedha kabisa. Asije mtu akadanganywa kuzinunua kama fedha tupu.

Bibi yetu aliuza reale 4 za Sham na zile mbili za Fransa, akalipa ada ya mjukuu. Tatu amezirudisha katika kaniki kwa ajili ya wajukuu wa kike, na pamoja nazo ameweka karatasi tuliyomwandikia, yenye idadi, aina na uzito wa kila moja. Hilo nalo twawashauri wasomaji wetu walifanye, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mchuuzi akija mlangoni na kusema sarafu zenu zimekwisha kazi, msigombane naye. Mwambieni aketi, mkalete mizani.