Kimya cha Mtandao si Ukosefu wa Maulizo: Kupima Matumizi ya Kamusi za Kidijitali
Mtafiti anayefuatilia mawasiliano ya mtandao ili kuhesabu maulizo ya kamusi anaweza kukuta kimya, ilhali kamusi inatumika. Katika MySQL, sababu zake hasa ni tatu. Kwanza, programu na hifadhidata zilizomo katika seva moja ya Linux, zikiunganishwa kwa jina «localhost», huwasiliana kwa soketi ya ndani, bila kupitia poti 3306. Pili, usimbaji wa TLS huficha matini ya maulizo. Tatu, ulizo lililotayarishwa awali hutuma matini mara moja. Baadaye hupita namba yake na thamani pekee. Hivyo, idadi itokane na kumbukumbu za hifadhidata yenyewe, kimya kisije kikafasiriwa kuwa ukosefu wa watumiaji na kamusi ikanyimwa fedha.